Maandishi kwenye tivii za baa, saluni na vibanda umiza Mtwara na Lindi: namna ya kuyawasha na namna ya kuisukuma halmashauri itunge sheria ndogo

Ukipita Mtwara mjini jioni, kuanzia Bima mpaka Magomeni, tivii ziko kila kona. Baa ina tivii, saluni ina tivii, mapokezi ya zahanati, benki, stendi, vibanda umiza ndo usiseme, na karibu zote zinaongea tu hakuna hata neno moja limeandikwa chini. Mtu asiyesikia anakaa pale, soda analipia bei ileile unayolipa wewe, halafu anabaki kuangalia midomo ya watu inavyocheza. Mimi kazi yangu ni kufunga madishi na ving'amuzi hapa Mtwara, mara nyingine Lindi na Masasi, kwaiyo tivii nyingi za biashara huku nazijua mpaka nyaya zake za nyuma. Na ninachosema ni hiki: kuwasha maandishi ni kazi ndogo ambayo mwenye biashara anaweza kuifanya leoleo, na sheria ndogo ya halmashauri inaweza kuifanya iwe kawaida, ila hiyo sheria iandikwe kwa kuangalia kinachoingia kweli kwenye madishi yetu, tusichukue ya wenzetu nzimanzima tukaibandika.

Nitaenda hatua kwa hatua, mwenye biashara asome nusu ya kwanza, anayetaka kupigania sheria asome yote.

Kwanza, wenzetu walifanyaje

Marekani kuna miji ilishatunga sheria zake yenyewe. San Francisco ilianza mwaka 2008, Portland ya Oregon ikafuata mwishoni mwa 2015, Seattle 2019, halafu jimbo zima la Washington likapitisha ya kwake 2021. Wazo ni lilelile karibu kote: kama una biashara ambayo mtu yeyote anaweza kuingia, na umeweka tivii upande wa wateja, basi maandishi yawe yamewashwa muda wote ambao mlango uko wazi, bila kusubiri mteja aombe. Hapo kwenye "bila kusubiri aombe" ndo penye uzito wote. Mtu asiyesikia akilazimika kuomba kila anapoingia, kila siku anajieleza upya mbele ya watu, na wengi wanachoka wanaamua kukaa nyumbani.

Wameweka na nafuu pia, sio sheria ya kukomoa. Tivii ambayo kiufundi haiwezi kabisa kuonesha maandishi inasamehewa. Duka linalouza tivii, lenye ukuta mzima wa tivii zimewashwa, Portland wanataka angalau moja iwe na maandishi, sio zote.

Sasa elewa kwanini kwao ni rahisi. Mwaka 1990 walipitisha sheria ya nchi nzima kwamba tivii zote za inchi 13 kwenda juu, kuanzia zilizotengenezwa Julai 1993, ziwe na kifaa cha kusoma maandishi ndani yake, na vituo vya tivii navyo vikabanwa kidogokidogo mpaka vipindi vingi vikawa vinarushwa vikiwa na maandishi. Kwaiyo mwenye baa wa Portland kazi yake ni kubonyeza tu, maandishi tayari yameshafika ukutani kwake. Sisi maandishi mara nyingi hayajafika. Ukimwambia mwenye grosari wa Chikongola "washa maandishi saa zote" wakati chaneli anayoonesha haina maandishi, umemtungia kosa asiloweza kulikwepa.

Kwetu kisheria hatuko mikono mitupu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, ambayo inazungumzia haki ya kupata huduma na habari kama watu wengine. Jirani zetu Kenya, sheria yao ya 2003 iliviambia vituo vya tivii viweke lugha ya alama au maandishi kwenye taarifa za habari, vipindi vya elimu na matukio ya kitaifa. Ile inambana anayerusha. Zile za miji ya Marekani zinambana aliyeitundika tivii ukutani. Sisi tunahitaji zote mbili, ila hii ya ukutani ndo iko ndani ya uwezo wa halmashauri yetu, kwaiyo tuanze nayo.

Hatua ya 1: jua maandishi yanatoka wapi

Hapa ndo watu wengi wanakwama, na mafundi wenzangu wapo pia. Mtu anachukua rimoti ya tivii, anaona kitufe kimeandikwa SUBTITLE au SUB au CC, anabonyeza, hakitokei kitu, anasema tivii mbovu. Tivii nzima kabisa. Shida ni kwamba picha inatoka kwenye king'amuzi inapita kwenye waya wa HDMI (au zile nyaya za njano, nyekundu na nyeupe), na ikishafika kwenye tivii ni picha iliyokamilika, maandishi ya kuwasha na kuzima kwa kawaida hayapiti mle kama kitu cha pembeni. King'amuzi ndo kinatakiwa kuyachora juu ya picha kabla ya kuituma. Kwaiyo kanuni ya kushika kichwani: kama unaangalia kupitia king'amuzi, washa kwa rimoti ya king'amuzi. Rimoti ya tivii inafanya kazi kwenye mambo mawili tu, antena iliyochomekwa moja kwa moja kwenye tivii yenye king'amuzi cha ndani, na flashi uliyochomeka kwenye tivii yenyewe. Kama ni smati tivii yenye intaneti, kila programu ina menyu yake ya maandishi, unawashia mlemle ndani ya programu.

Halafu kuna maandishi ambayo hayazimwi, yameshachomwa kwenye picha. Bongo muvi nyingi zina ya Kiingereza chini hivo. Hayo yanasaidia anayejua Kiingereza, ila kiziwi wa Nanguruwe aliyesoma Kiswahili hayamsaidii kitu, na mwenye biashara asihesabu kwamba ameshatimiza.

Hatua ya 2: washa kwenye king'amuzi

Chukua rimoti ya king'amuzi, iwe Azam, DStv, StarTimes au kingine chochote, angalia kama kuna kitufe cha SUB, SUBT au SUBTITLE. Kipo? Kibonyeze ukiwa kwenye kipindi, itatokea orodha ya lugha kama kipindi kina maandishi, na kama hakina itakwambia hakuna au haitatokea kitu. Hakipo? Ingia MENU, nenda kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya lugha, humo mara nyingi kuna lugha ya sauti na lugha ya maandishi. Weka maandishi yawe yamewashwa muda wote, sio kwa kipindi kimoja, kwasababu ukiwashia kwenye kipindi tu, ukibadili chaneli yanapotea. Kama kuna chaguo la "kwa wasiosikia vizuri" chagua hilo, lenyewe linaandika mpaka sauti za pembeni kama simu kuita au watu kushangilia.

Alafu kaa na king'amuzi chako upitie chaneli moja moja, jioni moja inatosha, uandike kwenye karatasi zipi zina maandishi na kwa lugha gani. Hiyo karatasi ni mali. Ibandike kaunta. Kuna nyakati unaweka tivii kwa ajili ya kelele tu, kuanzia asubuhi mpaka saa nane hakuna anayefuatilia chochote, basi muda huo weka chaneli yenye maandishi badala ya isiyo nayo, hupotezi kitu.

Kuna baa zina king'amuzi kimoja kimegawiwa kwenye tivii nne tano kwa kigawio cha HDMI. Hapo ukiwasha kwenye king'amuzi yanatokea kwenye zote, na ukizima yanazimika kwenye zote. Wengine wananiambia "fundi, niwekee kwenye ile ya kona tu," na jibu ni kwamba ya kona itahitaji king'amuzi chake. Ukiwa na ving'amuzi viwili tayari, tenga kimoja kiwe cha maandishi siku zote.

Umeme ukikatika muda mrefu au king'amuzi kikijisasisha chenyewe, mipangilio inaweza kurudi mwanzo. Kila mkifungua asubuhi mtu aangalie.

Hatua ya 3: hakikisha yanasomeka

Nimekuta tivii maandishi yamewashwa kabisa lakini hayaonekani, kisa mtu ameweka picha kwenye zoom ili ijae kioo, na zoom inakata juu na chini. Chini ndo kwenye maandishi. Na sio maandishi tu, ile kona anaposimama mkalimani wa lugha ya alama kwenye baadhi ya taarifa za habari nayo inakatwa nusu, unabaki na mkono mmoja. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya tivii, weka 16:9 ya kawaida au ile inayoonesha picha nzima.

Kama king'amuzi kinaruhusu kubadili muonekano, weka herufi nyeupe juu ya kiboksi cheusi, herufi kubwa. Herufi nyeupe zisizo na kiboksi zinapotea kwenye kanzu, kwenye mawingu, kwenye jezi. Alafu nenda kakae kiti cha mwisho kabisa cha wateja wako, pale pale anapokaa mteja, usome. Ukikunja macho, tivii iko juu mno au ni ndogo au taa inapiga kioo. Shusha, au sogeza viti. Kwenye saluni angalia hata kwenye kioo cha ukutani, mteja aliyekaa kwenye kiti cha kunyolewa mara nyingi anaiona tivii kupitia kioo na maandishi yanakuwa yamegeuka, kwaiyo tivii ikae mbele yake sio nyuma.

Hatua ya 4: video za flashi, na hapa vibanda umiza vina nafasi kubwa

Hii ndo sehemu ambayo tunaweza kufanya vizuri kuliko hata hao wenye sheria, kwasababu hapa hatumsubiri mrushaji. Video ya harusi inayozunguka studio kwako, tangazo la duka lako, video ya elimu ya afya ya pale zahanati, filamu ya vijana wa hapa Mtwara ambao wamekupa ruhusa, zote unaweza kuziandikia maandishi ya Kiswahili mwenyewe kwa kompyuta ya kawaida.

Faili lenyewe linaitwa SRT na ni maandishi matupu, unaweza kuandika hata kwenye Notepad. Linakaa hivi:

1
00:00:12,000 --> 00:00:15,000
Mama, mgeni ameshafika.

2
00:00:15,500 --> 00:00:18,000
[Mlango unagongwa kwa nguvu]

Namba, chini yake muda wa kuanza na kuisha, chini yake maneno, halafu mstari mtupu, unaendelea. Kabla ya milisekunde ni mkato, usiweke nukta. Programu ya bure inayoitwa Subtitle Edit inakurahisishia, unasikiliza na kuandika huku unaona picha.

Vitu vya kuzingatia: mistari isizidi miwili kwa mara moja, kila mstari usizidi herufi kama 42, maandishi yasikae chini ya sekunde moja na yasizidi kama sekunde saba. Ila mimi naongezea, kwa watu wetu yaache yakae muda mrefu kidogo, wengi hawasomi kwa kasi. Andika na sauti zenye maana ndani ya mabano ya mraba, na kama anayeongea haonekani andika ni nani.

Faili la maandishi lipe jina lilelile la video. Video ikiwa harusi.mp4, maandishi yawe harusi.srt, yote yakae folda moja kwenye flashi. Windows ina tabia ya kuficha mwisho wa jina, unaweza kudhani umehifadhi harusi.srt kumbe ni harusi.srt.txt, tivii haitaliona. Wakati wa kuhifadhi chagua UTF-8 (ni namna ya kompyuta kuhifadhi herufi), la sivyo kile kikoma cha juu kwenye ng'ombe au ng'ambo kinaweza kutokea kama madudu kwenye kioo. Na kama flashi iko kwenye mfumo wa kuhifadhi mafaili unaoitwa FAT32 haitapokea faili moja linalozidi GB 4, kwaiyo video ndefu ipunguze.

Chomeka, fungua video, ingia kwenye maandishi kwa rimoti ya tivii (hapa sasa ndo rimoti ya tivii inafanya kazi), washa.

Zile muvi za nje zilizoingiziwa sauti ya Kiswahili na madj zinapendwa sana kwenye vibanda, ila kwa kiziwi ni giza, maneno yote yako mdomoni kwa dj. Kijana mwenye kompyuta na masikio mazuri hapo ana kazi ya kufanya kwa wenye haki za video wanaotaka kuwafikia watu wengi. Na kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotolewa mikopo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, kikundi cha viziwi na wenzao wanaosikia kinaweza kuandika mradi wa kuandikia video maandishi na kuupeleka kwa afisa maendeleo ya jamii. Nalisema kwa dhati kabisa, ni biashara.

Hatua ya 5: mpira na vitu vya laivu

Tuseme ukweli, mechi ya laivu yenye mtangazaji wa Kiswahili usitarajie maandishi. Ila kiziwi mpira anauona. Kinachompita ni yale ya pembeni: kwanini goli limekataliwa, nani kaumia, mechi imesimama kwasababu gani, na matangazo ya mwenye kibanda, kwamba mechi ya pili itaanza saa tatu badala ya saa mbili na nusu, kiingilio kimebadilika, jenereta inazimwa dakika kumi. Hayo yote yaandike. Ubao mweupe na kalamu yake, pembeni ya tivii, kijana mmoja kazi yake iwe hiyo. Siku Namungo wanacheza pale Ruangwa na kibanda kimejaa mpaka nje, na wanaosikia wenyewe hawamsikii mtangazaji kwa kelele, huo ubao utasomwa na kila mtu.

Kwenye simu za Android kuna programu ya Google inayoitwa Live Transcribe, inasikiliza inaandika, na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Kwenye kibanda chenye kelele itababaisha, usiitegemee. Ila mapokezi ya zahanati, benki, au saluni tulivu, simu ikiwekwa karibu na spika ya tivii inasaidia kufuata habari, na inasaidia zaidi kwenye mazungumzo ya mhudumu na mteja. Inakula bando, mwenye ofisi aweke waifai.

Na zahanati, hospitali na benki zinazoita wateja kwa sauti huku tivii inapiga kelele, tafadhali sana, namba au jina litokee kwa maandishi pia. Kuna watu wanapitwa na zamu yao ya daktari wamekaa palepale mstari wa mbele.

Hatua ya 6: mteja anaombaje

Sheria haipo bado, kwaiyo tunaomba, na tunaomba vizuri. Kama wewe ni kiziwi au una ndugu kiziwi, andika ujumbe mfupi kwenye simu uwe unauonesha tu:

"Habari bosi. Mimi ni kiziwi. Naomba uwashe maandishi kwenye tivii. Chukua rimoti ya king'amuzi, bonyeza SUB. Kama haipo, MENU, mipangilio, lugha. Asante sana."

Kama mwenye duka ni mtu mzima anza na shikamoo, huku kwetu ukianza na dai kabla ya salamu umeshakosa. Cha muhimu ni yale maelekezo ya rimoti kuwemo, kwasababu mhudumu mara nyingi anakataa kwa kuwa hajui, anaona aibu kusema hajui. Unaesikia ukiwa na rafiki yako asiyesikia, omba wewe pia, hata siku ambayo yeye hayupo. Shirika la Afya Duniani lilisema kwenye ripoti yake ya 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada, na wengi ni wazee, kwaiyo babu anayetaka tivii iongezwe sauti mpaka majirani wanalalamika naye yumo humu.

Na mwenye biashara, wafundishe wahudumu wote, wa asubuhi na wa usiku. Usiwe wewe peke yako unayejua.

Hatua ya 7: kuipeleka halmashauri

Kila halmashauri inatunga sheria ndogo zake. Ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani haimgusi mtu wa Mji wa Masasi wala Newala, na Manispaa ya Lindi haifiki Ruangwa wala Kilwa. Manispaa na miji inatumia Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Sura 288, wilaya zinatumia Sura 287, zote za 1982. Kwaiyo chagua sehemu moja uanze, mimi ningeanza na manispaa moja kati ya hizo mbili kwasababu tivii za biashara ndo zimejaa huko.

Anza na viziwi wenyewe. Hili sio la adabu tu, ukipeleka wazo bila wao watakuuliza umeongea na nani, na wana haki ya kuuliza. CHAVITA ndo Chama cha Viziwi Tanzania, na SHIVYAWATA ni shirikisho la vyama vyote vya watu wenye ulemavu. Tafuta wawakilishi wao kupitia afisa ustawi wa jamii au afisa maendeleo ya jamii. Kaeni na mkalimani wa lugha ya alama, muwaulize wanataka nini. Watakwambia mambo ambayo wewe hukuyafikiria, mojawapo ni kwamba viziwi wengi hawakupata shule nzuri na Kiswahili cha kuandikwa kinawapa tabu, kwaiyo maandishi hayamalizi kila kitu, lugha ya alama bado inatakiwa. Iandikeni hivo kwenye hoja yenu, msiseme maandishi yanatosha.

Baada ya hapo pitia mtaani. Mwenyekiti wa mtaa, mkutano wa mtaa, mtendaji wa kata, kamati ya maendeleo ya kata, halafu diwani. Diwani ndo anayeingia kwenye kikao, mpe karatasi moja, sio faili zima. Baraza la madiwani linakaa kikao chake cha kawaida kila robo mwaka na kabla yake kuna kamati za kudumu, kwaiyo ukimpelekea wiki ya kikao umechelewa, mpe mapema iingie kwenye kamati.

Kwenye hiyo karatasi weka ile orodha ya chaneli niliyosema hatua ya 2, majina ya biashara chache ambazo zimekubali kuwasha kwa hiari (waombe ruhusa), na picha moja ya tivii yenye maandishi na moja isiyo nayo. Onesho linashawishi kuliko maneno. Banda la Nane Nane pale Ngongo, Lindi, ni sehemu nzuri mno, watu wa mikoa yote miwili wanapita, weka tivii mbili pembeni kwa pembeni, zote umezima sauti, moja ina maandishi, waache watu waone wenyewe watasimama wapi.

Wazo likikubalika, mwanasheria wa halmashauri ataandaa rasimu, itatangazwa kwa wananchi watoe maoni na pingamizi, baraza litapitisha, itapita mkoani, itaenda kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kuidhinishwa, na itachapishwa kwenye Gazeti la Serikali ndo ianze kufanya kazi. Ni safari. Wakati wa maoni ndo wakati wa kujaa, andikeni barua, hata za mistari mitano, na wenye baa waandike pia, wanaokubali na wanaopinga.

Mpeni mwanasheria mahali pa kuanzia. Mimi ningependekeza hivi:

"Mtu anayeendesha biashara iliyo wazi kwa umma, yenye televisheni katika eneo la wateja, atahakikisha maandishi kwenye skrini yamewashwa muda wote biashara ikiwa wazi, pale ambapo kipindi kinachooneshwa kina maandishi hayo."

"Pale ambapo kipindi hakina maandishi, tangazo lolote linalotolewa kwa wateja kwa sauti katika eneo hilo litaoneshwa pia kwa maandishi yanayosomeka."

"Video inayooneshwa kwa ajili ya kutangaza biashara au kutoa elimu kwa umma, iliyotengenezwa na mwendesha biashara au kwa niaba yake, itakuwa na maandishi ya Kiswahili."

"Duka linalouza televisheni litaonesha maandishi kwenye angalau televisheni moja kati ya zilizowashwa."

"Televisheni ambayo kiufundi haina uwezo wa kuonesha maandishi haitahusika na kifungu cha kwanza."

"Kosa la kwanza litakuwa na onyo la maandishi pamoja na maelekezo ya namna ya kurekebisha."

Hayo maneno "pale ambapo kipindi kina maandishi" msikubali yatolewe, ndo yanayomlinda mwenye biashara mdogo asipigwe faini kwa kosa la mrushaji. Na ile ya onyo kwanza nayo msiiachie. Mgambo kuingia kibandani kuchukua tivii ya mtu kwasababu ya SUB, itawafanya watu wawachukie viziwi, na viziwi hawajaomba hilo.

Mtakutana na maneno. Atasema mtu maandishi yanaziba mpira: mechi ya laivu haina maandishi hata hivyo, na pale yanapokuwepo baadhi ya ving'amuzi vinaruhusu kuyasogeza. Atasema hana wateja viziwi: hawaji kwasababu hakuna wanachofuata pale. Atasema ni gharama: kitufe hakina bei, ubao na kalamu ni hela ndogo, na fundi anayekufungia king'amuzi mwambie akuwashie palepale akiwa juu ya ngazi. Sisi mafundi tunaweza kulibeba hili, hasa msimu wa korosho, Oktoba kuendelea, minada ikishalipa watu wananunua tivii na kufungua biashara mpya Tandahimba mpaka Nachingwea, kila unapofunga washa maandishi na umuoneshe mwenye nayo.

Ikishapita, ukaguzi ufungwe kwenye leseni ya biashara. Afisa biashara akienda kukagua asiulize "mna maandishi?" maana kila mtu atasema yapo. Aombe apewe rimoti, au amwambie mhudumu aliyeko zamu awashe mbele yake, halafu akakae kile kiti cha mwisho asome.